Punda Milia wa Prado

Mjini La Paz hakuna anayemwuliza mpiga kiwi jina lake. Mteja anaweka mguu juu ya sanduku, anafungua gazeti, anangoja. Aliyeinama chini yake amevaa barakoa ya sufu iliyobakiza macho tu, na juu ya barakoa kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi; huwezi kujua kama ni kijana au mzee, mwanamume au mwanamke. Wenyewe ndivyo wanavyotaka. Wengi wao wana majirani, wana wachumba, wana watoto wanaosoma, na mchana wanawapiga kiwi watu wale wale watakaosalimiana nao jioni mlangoni.

Casilda Chuquimia aliivaa barakoa hiyo akiwa na miaka kumi na tisa. Kituo chake kilikuwa uwanja wa San Francisco, kwenye ngazi zinazotazamana na mlango wa kanisa. Nyumbani kwao El Alto, kule juu ukingoni mwa bonde ambako baridi haina likizo, mama yake alijua kwamba binti anaosha vyombo katika mgahawa wa mtaa wa Sagárnaga. Na kweli aliwahi kuosha vyombo pale kwa miezi kadhaa. Kisha mwenye mgahawa akafunga milango, akahamia Santa Cruz kwa dada yake, Casilda akabaki na aproni mkononi. Siku hiyo hakutaka kurudi nyumbani mapema, maana angeulizwa. Alikaa uwanjani akitazama watu wakipita, mpaka mpiga kiwi mmoja alipomsogelea na kushusha barakoa yake kidogo. Alikuwa Grover Yujra, waliyesoma naye darasa moja.

"Mbona umekaa hapo kama umefiwa?" Grover akamwuliza.

"Kazi imekufa."

"Basi njoo. Sanduku la kaka yangu lipo, mwenyewe kaenda Chile. Barakoa nitakupa yangu ya zamani. Inanuka, ila ni sufu nzuri."

"Mama akijua ataniua."

"Atajuaje? Barakoa unafikiri ni ya nini, urembo?"

Mama yake, Teodosia, alikuwa na sababu zake. Kaka yake wa pekee, Eleuterio, alikuwa mpiga kiwi, na alikuwa mlevi. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai alikutwa amekufa kwa baridi kwenye kizingiti cha duka la vitambaa. Uso ulikuwa umevimba. Teodosia alimtambua kwa viatu, kwa sababu hata katika ulevi wake Eleuterio hakuacha viatu vyake viwe na vumbi. Tangu siku hiyo neno kiwi halikutajwa tena katika nyumba ile. Viatu vya Jumapili vilifutwa kwa ganda la ndizi. Casilda alikuwa bado mtoto, lakini alielewa kwamba kuna jambo halizungumzwi, naye akakua akilizunguka, kama mtu anavyozunguka shimo lililoko katikati ya ua.

Kwa hiyo alijifunza kazi, na alijifunza kuificha. Kila jioni kabla ya kupanda kwenda El Alto alisugua mikono kwa limau na mchanga kwenye bomba lililo nyuma ya soko. Sanduku na barakoa aliviacha kwa mwanamke wa mtaa wa Linares, kwenye duka la dawa za kienyeji, katikati ya mimea mikavu, sabuni za bahati na vijusi vya llama, yule mnyama wa sufu wa milimani, ambavyo watu huvizika chini ya msingi wa nyumba mpya. Akifika nyumbani mama anamuuliza, "Vyombo vingi leo?" Naye anajibu, "Vingi, Mama. Wageni wanakula kama wamefungua mfungo." Wanakula supu, wanalala.

Kilichomsumbua hakikuwa kazi yenyewe. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na alipenda ile dakika ambayo ngozi iliyochoka inaanza kurudisha mwanga. Kilichomsumbua ni kwamba watu walizungumza juu ya kichwa chake kama vile hayupo. Wanasheria walipanga uongo wao pale pale. Mume alimpigia hawara yake simu huku mguu uko mikononi mwa Casilda. Siku moja mwanamke wa kanisani kwao, Nicolasa, ambaye kila Jumapili alimbusu mashavu yote mawili, aliweka buti lake juu ya sanduku na kusema, "Fanya haraka, wewe, na usiniguse soksi." Casilda akafanya haraka. Hakuigusa soksi.

Mwaka wa tatu, watu wa manispaa walikuja kwenye chama cha wapiga kiwi wakitafuta vijana wa kuwa punda milia.

Kwa mkazi wa La Paz hilo si neno la ajabu. Madereva wa jiji lile hawajui kusimama. Michirizi myeupe ikachorwa barabarani, madereva wakaikanyaga kama mkeka wa mlangoni, ndipo vijana wakavikwa mavazi ya punda milia toka kwato hadi masikio, wakawekwa kwenye vivuko. Wanacheza, wanapunga bendera, wanamshika mzee mkono, wanamwinamia dereva aliyeheshimu mistari na kumkumbatia boneti yule aliyeidharau. Karibu wote hawajawahi kumwona punda milia halisi hata kwa mbali. Lakini watoto wa jiji wanawajua kwa majina ya kubuni, na wageni wanaotoka kupiga picha makanisa na masoko hawaondoki bila picha ya punda.

"Ni nusu siku tu, nusu nyingine unabaki na sanduku," Grover alimwambia. "Wanakusaidia na kumaliza shule. Na uso hauonekani, Casilda! Sisi tuna uzoefu wa kutoonekana kuliko mtu yeyote katika nchi hii."

Wakajiandikisha wote wawili. Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi baridi wenye vioo. Yhoselin, msichana mrefu aliyekuwa kiongozi wa kikosi, aliwafundisha kutembea kwa madaha, kuanguka bila kuumia, kuomba radhi kwa mabega. Kulikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka wakaichoka: punda hasemi. Anapiga mluzi, anacheza, anashika kichwa kwa masikitiko, lakini maneno hapana. "Ukianza kusema," Yhoselin alisema, "utamtukana dereva, na dereva atakutukana, halafu tutakuwa na punda wawili."

Vazi lilikuwa joto juani na barafu kivulini. Lilinuka jasho la wote waliolivaa kabla. Aliyevaa alichungulia kupitia kitambaa chembamba kilichoshonwa mdomoni mwa mnyama, hivyo dunia yote ilikuwa na vijitundu. Casilda alipangiwa kivuko cha Prado, barabara kuu ya katikati ya jiji, karibu na mahali ambapo wapiga kiwi wengine walikaa safu kwenye mabenchi. Siku ya kwanza alisimama kama mti. Basi likampigia honi, akaruka kwa woga, watoto waliokuwa dirishani wakaangua kicheko na kupiga makofi. Akaruka tena, safari hii kwa makusudi.

Mchana ule mwanasheria mmoja, mteja wake wa zamani aliyekuwa hamtazami hata macho, alimshika ukwato na kumwambia, "Asante, mpenzi punda, Mungu akubariki." Casilda alimtazama mpaka akapotea kwenye umati. Uso wake ulikuwa umefichwa jana, na leo umefichwa vile vile. Alilifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani, ndani ya gari la kebo lililokuwa likimpandisha juu ya mapaa ya matofali.

Nyumbani aliendelea kuosha vyombo.

Basi ikawa Ijumaa moja, Teodosia akatokea ng'ambo ya Prado.

Alikuwa muuza api, ule uji mwepesi wa mahindi ya zambarau unaochemshwa kwa mdalasini na karafuu. Siku zote aliuzia juu, kwenye kituo cha gari la kebo, lakini makarani wa jengo moja la Prado walikuwa wamemwomba awe akiwaletea kila Ijumaa. Akashuka na chupa kubwa ya chai mgongoni, imefungwa ndani ya kitambaa cha milia ya rangi kama mtoto, marinda yake yamejaa njia nzima, kofia ya duara imekaa sawasawa kichwani. Barabara ilimshinda. Miaka ya nyuma gari liliwahi kumkanyaga kidole cha mguu, na tangu hapo akifika ukingoni mwa lami anaganda. Casilda alimwona kupitia vijitundu vya mdomo wa punda: mama anatoa mguu, anaurudisha, anatoa, anaurudisha.

Mwenzake wa upande ule alikuwa anapiga picha na wageni. Hakuna mwingine. Casilda akavuka kwa miondoko yote aliyofundishwa, akafika mbele ya mama yake, akanyoosha ukwato.

"Niondokee hapa!" Teodosia akasema, akampiga na ncha ya shali. "Mchafu wewe! Sina hela ya picha!"

Punda akashika kichwa. Punda akapiga goti. Watu wakaanza kutazama. Dereva wa teksi akatoa kichwa dirishani: "Mama, mkubali basi, mtoto wa watu kapiga magoti! Unataka pete?"

"We endesha gari lako, midomo kama beseni!" Teodosia akamrudishia. Lakini mdomo wake ulikuwa umeanza kucheza pembeni. Akamtazama yule punda aliyepiga goti, akatazama barabara, akashusha pumzi, akaushika ule mkono wa manyoya. Wakavuka. Katikati ya barabara, gari zote zimesimama kushoto na kulia, Teodosia akacheka. Casilda alikuwa hajakisikia kicheko kile tangu baba yake alipoenda kutafuta kazi Argentina na kusahau njia ya kurudi. Kilikuwa kicheko cha msichana, chembamba, kinachokwenda juu.

Jioni mama akasimulia. "Leo nimevushwa na punda! Ana adabu kuliko wanaume wote wa ukoo wa baba yako."

"Kweli, Mama?" Casilda akasema, akijishughulisha na supu.

Ijumaa iliyofuata Teodosia hakuganda ukingoni. Alisimama anangoja, kama mtu aliye na miadi. Ijumaa ya tatu alimletea punda api. Alimimina kwenye kikombe, akauingiza mrija kwenye mdomo wa mnyama, akaamuru, "Kunywa. Usimwage kwenye manyoya, madoa ya zambarau hayatoki." Casilda akanywa. Baada ya hapo ikawa desturi. Makarani wakishahudumiwa, Teodosia anarudi kwenye benchi lililo karibu na kivuko, punda anakaa naye katika mapumziko yake, mama anasema na punda anasikiliza.

Na mama alisema! Nyumbani alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika: funga mlango, viazi vimeiva, kesho kuna mgomo wa barabara. Kwa punda alieleza kuhusu magoti yake. Alieleza kuhusu mwanamume muuza betri aliyekuwa anamsalimia kwa namna fulani pale kituoni, na jinsi alivyokuwa hajaamua kama aitikie kwa namna ile ile. Alieleza kuhusu Eleuterio, jinsi alivyomfundisha kupiga mluzi wakiwa watoto wanachunga llama, na jinsi alivyomfukuza nyumbani kwake mara ya mwisho alipokuja amelewa, majuma mawili kabla ya ile asubuhi ya Julai. "Nilimwambia asirudi mpaka awe mtu," alisema. "Hajarudi." Punda akaweka ukwato juu ya goti lake. Hakukuwa na kitu kingine punda angeweza kufanya.

Ijumaa moja ya mawingu alisema hivi:

"Nina binti. Anadhani mimi ni mjinga. Eti anaosha vyombo! Muosha vyombo gani ana weusi kwenye mizizi ya kucha? Mashati ya kaka yangu niliyafua mimi miaka yote. Harufu ya kiwi naijua kuliko ya mdalasini."

Punda akazivuta kwato zake mapajani.

"Mwaka wa kwanza nilitaka kumtandika. Wa pili nikawa nachungulia kila jioni kama kanywa. Hajanywa. Anakuja, anakula, ananidanganya vizuri, analala. Sasa nifanye nini? Nikimwambia najua, ataona haya, na mwenye haya anahama nyumba. Eleuterio alihama kwa haya. Kwa hiyo nanyamaza. Yeye ananyamaza. Tunakula supu kama masista."

Akasimama, akafunga chupa yake mgongoni, akakung'uta marinda. "Haya, Ijumaa."

Ndani ya kichwa cha punda machozi hayana pa kufutiwa. Casilda alimaliza zamu yake uso umelowa, akiwapungia madereva bendera. Usiku ule walikula supu. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akauziba kwa kijiko.

Juma lililofuata Yhoselin alibadilisha vituo, Casilda akapelekwa kivuko cha uwanja wa Murillo, mbele ya bunge, kwenye njiwa wengi na ile saa ya ukutani inayozunguka kinyume. Kwenye Prado akabaki Grover. Casilda alimwonya: mama atakuja na api, mpokee, msikilize, usiseme kitu.

Jioni Grover alikuja akikimbia, bado na miguu ya punda, kichwa kakibeba kwapani.

"Mama yako ni mtu wa hatari," akasema.

"Kafanyaje?"

"Nimempa ukwato, kanitazama juu mpaka chini. Kasema, 'Wewe siye. Wewe unatembea kama mtu anayetafuta choo.' Nikafanya vile vya kushika kichwa. Wala hakucheka! Kanivuta sikio, Casilda, sikio la manispaa! Kasema, 'Mwambie Casilda api yake nimeiongeza karafuu kama anavyopenda, na leo arudi mapema nina viazi vingi vya kumenya.' Kanipa kikombe, kavuka barabara peke yake."

Casilda akakaa chini kwenye ngazi za bunge, na mkia wake wote.

"Kavuka peke yake?"

"Peke yake. Kanyoosha mkono hivi, basi zima likasimama."

Alirudi mapema. Teodosia alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda chake, beseni la viazi mbele ya miguu. Hakuinua kichwa. Alimsogezea kisu kwa mgongo wa mkono, Casilda akakaa, wakamenya. Maganda yalianguka kwenye beseni. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu lini nini?"

"Mama."

"Tangu siku ya kwanza. Nimekuzaa mimi, nisikujue unavyotembea? Ulivyopiga lile goti ukainamisha bega la kushoto. Tangu utoto unainamisha bega la kushoto ukitaka kitu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ungenijibu." Teodosia akachagua kiazi kingine, akakigeuza. "Mimi nilikuwa nahitaji mtu asiyenijibu. Ukiwa Casilda una majibu mengi. Ukiwa punda unasikiliza vizuri sana."

Casilda akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikawa kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. Mama alimwachia amalize. Halafu akasema, bila kumtazama, "Mikono usiisugue tena kwa mchanga. Unaiharibu ngozi. Kiwi inatoka kwa mafuta ya kupikia na majivu. Eleuterio alifanya hivyo."

Lilikuwa neno la kwanza jema juu ya kazi ile kusemwa chini ya paa lile.

Mwaka uliofuata Casilda alimaliza shule na muda wake wa upunda ukaisha, maana vijana hupishana. Akarudi kwenye sanduku kutwa nzima. Wakati huo chama chao kilikuwa kimeanza jambo jipya: wapiga kiwi kuwatembeza wageni mjini, kwa kuwa hakuna kona ya jiji wasiyoijua. Njia ilianzia San Francisco, ikapanda mtaa wa Linares kwenye maduka ya dawa, ikateremka uwanja wa Murillo, ikamalizikia kwenye gari la kebo. Grover alikubali papo hapo, kwa sharti la kubaki na barakoa yake. Wengi walifanya hivyo. Wageni walipenda picha za barakoa.

Casilda hakupenda picha hizo. "Kama nitawaeleza watu mji wangu," alimwambia mama yake, "siwezi kuueleza kupitia tundu. Nimechoka na vijitundu. Ila nikivua, kila mtu atajua. Kanisani, mtaani, wote."

"Wageni unawaonyesha nini hasa?"

"Kanisa la San Francisco mpaka juu kwenye paa. Makumbusho. Saa ya kinyume."

"Kuna njia ya kupanda paa la San Francisco?"

"Mama, umeishi hapa maisha yako yote!"

"Nimeishi hapa nikiuza api. Nani kanipandisha paa?" Teodosia akafikiri. "Nakuja. Siku yako ya kwanza, nakuja. Asiyetaka kuona uso wako ataona na wangu."

Wageni walikuwa wanne: mke na mume wazee kutoka Uruguay, na dada wawili wa Kijerumani waliozungumza Kihispania cha shuleni. Casilda alisimama kwenye ngazi zile zile, sanduku begani, uso mtupu kwa mara ya kwanza mahali pale. Upepo wa asubuhi ulimchoma mashavu. Wenzake waliokuwa wanapiga kiwi walimtazama kwa macho yao ndani ya sufu, mmoja akagonga brashi kwenye sanduku lake, ko ko ko, kisha mwingine, kisha safu nzima. Ndiyo salamu yao.

Hakuwa amefika mbali. Kwenye mlango wa kanisa akatoka Nicolasa, yule wa mabusu mawili, akasimama na kulitazama sanduku.

"Casilda, mwanangu! Hilo sanduku la nani umebebeshwa?"

Casilda akavuta pumzi ajibu. Teodosia akamtangulia.

"Lake. Miaka minne sasa. Kainue kaguu kako hapo, Nicolasa, hayo mabuti yanalia."

"Jamani, Teo, mimi nimeuliza tu..."

"Na mimi nimejibu tu."

Nicolasa aliona haya, au aliogopa, au alitaka kujua zaidi ili akasimulie, haijulikani. Aliweka buti juu ya sanduku. Casilda akapiga goti mbele ya wageni wanne na mama yake, akafanya kazi yake kama anavyoijua, akaeleza hatua kwa hatua: vumbi kwanza, kisha rangi, kisha kiwi kwa kidole, kisha kitambaa mpaka kilie. Wale dada wa Kijerumani walipiga makofi. Nicolasa alitazama mabuti yake, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe yalikuwa ya kahawia," akaenda zake. Jumapili iliyofuata alimbusu Casilda shavu moja tu. Baada ya miezi yakarudi mawili.

Matembezi yenyewe yalikaribia kuharibika kabisa. Mtaa wa Linares, Casilda alipokuwa akieleza kwamba kijusi cha llama huzikwa chini ya nyumba ili ardhi iridhike, mama alikatiza: "Si hicho! Hicho ni cha duka. Nyumba ya ghorofa unahitaji kikubwa, hicho ni cha kibanda cha kuku," na akaanza kupatana bei na mwenye duka kwa ajili ya nyumba ambayo hakuna aliyekuwa anaijenga. Uwanja wa Murillo alibishana na saa. "Upuuzi," alisema. "Nani kaiweka hivyo?" Casilda akaeleza kwamba ni kwa sababu sisi tuko upande wa kusini wa dunia. "Mimi pia niko kusini," mama akasema, "na ninakwenda mbele." Mzee wa Uruguay alicheka mpaka akakaa chini katikati ya njiwa. Ilipofika mchana wageni walikuwa wanamuuliza maswali Teodosia, na Casilda alikuwa anatafsiri Kiaymara, lugha ya kwao, kila mama alipokasirika na kusahau Kihispania.

Paa la San Francisco waliliacha mwisho, kwa kuwa asubuhi lilikuwa limefungwa kwa misa. Walipanda ngazi nyembamba za mawe, Teodosia nyuma kabisa, akisimama kila kona kwa ajili ya magoti. Juu vigae vilikuwa na joto la jua. Mji wote ulikuwa umewazunguka kama ukuta wa bakuli, nyumba juu ya nyumba mpaka ukingoni, na mlima Illimani mweupe upande wa pili. Chini kabisa wapiga kiwi walikuwa vitone vyeusi kwenye ngazi.

Mama alishika ukuta wa mnara wa kengele, akatazama kwa muda mrefu. Wageni walipiga picha zao. Casilda alisimama karibu naye.

"Duka la vitambaa liko wapi?" Teodosia akauliza. "Lile la kizingiti."

Casilda akalitafuta kwa macho, akamwonyesha: paa la bati la bluu, nyuma ya soko. Mama akaitikia kwa kichwa. Akafanya ishara ya msalaba, akasema maneno machache ambayo Casilda hakuyasikia.

"Nilidhani ni mbali zaidi," mama akasema.

Siku hizi Casilda hutembeza wageni mara tatu kwa juma, na siku nyingine yuko kwenye ngazi na sanduku lake, uso wazi. Katika safu ile ni wachache waliovua. Waliobaki na barakoa hawaulizwi, wala yeye hawaambii kitu. Grover alivua alipooa, kisha akaivaa tena kwa sababu ya baridi. Teodosia aliitikia salamu ya muuza betri, wakakaa pamoja mwaka mmoja, wakagombana kuhusu redio, akamrudisha kwao. Kila kundi linalomaliza matembezi hupelekwa kwenye kituo cha juu kunywa api kwake. Anawapa na andazi la jibini, anawauliza binti yake kawaambia nini kuhusu ile saa, na vyovyote watakavyojibu anawaambia si kweli.